Zebaki ya balbu: hofu iliyowekwa pasipo pake

Imani hii imedumu tangu balbu za mrija uliojipinda zilipoingia madukani: kwa kuwa zina zebaki, eti zinachafua mazingira kuliko zile za zamani za waya.

Zebaki imo kweli. Lakini Mkataba wa Minamata wa 2013, makubaliano ya kimataifa ya kudhibiti zebaki, uliweka kikomo cha miligramu 5 kwa balbu hizi za nyumbani, ilhali kipimajoto cha kioo cha zamani kilibeba takriban 500, na tulikitia mdomoni. Balbu ikivunjika, fungua madirisha, toka chumbani dakika 10, kisha okota vipande kwa karatasi ngumu. Usifagie, ufagio hutawanya.

Balbu ya waya haina zebaki, ila zaidi ya asilimia 90 ya umeme wake huishia kuwa joto. Nchini Marekani, makaa ya mawe, ambayo yakichomwa hutoa zebaki, yalipokuwa yakizalisha karibu nusu ya umeme, upotevu huo ulimwaga hewani zebaki nyingi kuliko iliyofungiwa ndani ya mrija. Hoja hiyo haihamii Kenya ilivyo, maana huko umeme mwingi ni wa mvuke wa ardhini, maji na upepo. Faida iliyobaki ni umeme wenyewe: wati 15 badala ya 60.

Kasoro halisi iko jalalani, kwa sababu wengi hatuna pa kurudisha balbu za mrija zikiungua. Nchi za Afrika zilipendekeza zikomeshwe, na mwaka 2022 wanachama wa mkataba walikubaliana zisitengenezwe wala kuingizwa nchini baada ya 2025. Balbu za LED hazina zebaki na hula umeme kidogo zaidi.