Msikitie Mafuta Kigurudumu cha Kamera

"Fundi, nilikitia mafuta kidogo kikapona, sasa kimerudi vilevile." Maneno haya nayasikia kila msimu wa korosho, pesa inapoingia na harusi zikaanza kufuatana kutoka Masasi hadi Shangani ya hapa Mtwara mjini. Mpiga picha anatoa kwenye begi Canon 550D ya 2010 au Nikon D90 ya 2008, kuukuu lakini bado inamlipia ada za watoto. Kinachomtesa ni kigurudumu cha kubadilishia spidi ya shata, yaani muda ambao mapazia ya kamera yanakaa wazi kupitisha mwanga: anazungusha mbele, namba inarudi nyuma.

"Kimekauka, kinataka mafuta."

Hakijakauka. Mafuta ya cherehani, WD-40, hata mafuta ya nazi, yote nimeshayakuta humo ndani, na yote yamefanya hali kuwa mbaya zaidi.

Chini ya kigurudumu kuna kisahani chenye njia za kupitisha umeme, na vimguu vya chuma vinavyoteleza juu yake. Kila kinapolia "tik", zinatoka ishara mbili, moja ikiitangulia nyingine kidogo. Iliyotangulia ndiyo inayoiambia kamera kama umezungusha kulia au kushoto. Utando wa kutu ukiziba moja, hesabu inavurugika. Jaribu mwenyewe: weka kamera kwenye M, ambapo spidi unaichagua wewe, zungusha tik moja moja. Namba ziende 1/125, 1/160, 1/200, 1/250. Zikienda 1/125, 1/160, 1/125, 1/200, hapo vimguu havigusi sawasawa, na mafuta hayapitishi umeme.

Mbona basi kilipona siku mbili? Kwa sababu ulikizungusha sana kikiwa kimelowa, uchafu ukasogea pembeni. Ila mafuta hayaondoki. Yanakaa, yanadaka vumbi, na baada ya muda ninachokikuta mimi ni uji mweusi. WD-40 ilibuniwa Marekani mwaka 1953 kufukuza maji na kuzuia kutu kwenye vyuma, na kazi hiyo inaiweza vizuri. Tatizo ni wewe kuipuliza kwenye kamera. Mafuta yanatambaa mpaka kwenye mapazia ya shata, mapazia yanaanza kunata, na mengine yanafika kwenye sensa, kile kioo kinachopokea picha. Kigurudumu ni kazi ya jioni moja; shata iliyolowa mafuta inabidi kamera ivuliwe yote.

Kinachotakiwa ni kisafishio cha kontakti, yaani dawa ya kusafishia sehemu zinazogusana kupitisha umeme, kile kinachokauka bila kuacha mabaki na kilichoandikwa kwamba hakili plastiki. Toa betri. Inamisha kamera ili kimiminika kisitiririke ndani, dondoshea tone kwenye ukingo wa kigurudumu, kisha zungusha huku na huku mpaka kidole kichoke. Iache usiku kucha ndipo urudishe betri. Huna kisafishio? Tafuta alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Spiriti ya vidonda ya asilimia 70 iache, sehemu kubwa ya kilichobaki humo ni maji. Spiriti iliyotiwa rangi nayo iache, rangi yake itabaki humo, na kitakasa mikono mara nyingi kina gliserini. Tafadhali, bosi wangu, sanitaiza ni ya mikono.

Ukisafisha hivyo halafu ugonjwa ukarudi upesi, vimguu vimelika. Hapo ni kubadilisha kigurudumu, na spea inaweza kutoka kwenye kamera iliyokufa kwa sababu nyingine.

"Haijawahi kuingia majini, kutu imetoka wapi?"

Imekuja na upepo. Unakaa Mikindani au Lindi mjini karibu na bahari, madirisha wazi, halafu unashangaa chumvi? Na huku kwetu kuna salfa. Ukiwa na kamera shambani wakati mikorosho inapulizwa, ule unga wa njano unaingia kila penye upenyo, na salfa huifanya shaba na fedha kuwa nyeusi. Kamera iliyolala kabatini ndiyo inayoumwa zaidi, kwa sababu vimguu hujisugua vyenyewe vinapotembea. Ushauri wangu, hata kama umeshauchoka: kila wiki zungusha vigurudumu vyote, kamera ikiwa imezimwa.

"Ni programu ya kamera, iflashi, yaani ipakie upya."

Kama vitufe vya mishale vinatembea vizuri kwenye menyu na kigurudumu peke yake ndicho kinachoruka, programu haina kosa. Ukiriseti utapoteza mipangilio yako bure.

"Kigurudumu cha nyuma kimekufa kabisa."

Kabla hujapanda basi kutoka Newala, angalia swichi. Canon 6D na 70D zina swichi ya LOCK chini ya kigurudumu cha nyuma, na begi linaweza kuisukuma bila wewe kujua. Wengi nawarudishia kamera papo hapo.

"Nitafungua mwenyewe, skrubu ni zilezile."

Si zilezile. Nyingi ni za kiwango cha Japani, na bisibisi ya kawaida ya nyota inazila vichwa. La hatari zaidi, kamera yenye flashi yake ina kapasita, kifaa cha kuhifadhi umeme, inayobeba takriban volti 300, na kutoa betri hakuimalizi chaji hapohapo. Kama umeshafungua, usiguse chochote, niletee pamoja na skrubu zote, hata zile ulizobakiza kwenye kifuniko cha soda. Hazilingani urefu, na ndefu ikiingia pasipo pake inatoboa flekisi, ule utepe mwembamba wa kupitisha umeme.