Dawa zikiisha kituoni, je, zimeibwa?

Wengi wetu Uganda, tukiambiwa "dawa zimeisha, nenda ukanunue", huamini kwamba muuguzi ameziuza. Wizi upo, na unauma. Lakini rafu tupu peke yake haithibitishi wizi.

Vituo vya afya vya serikali vya ngazi ya pili na ya tatu, yaani vile vidogo vilivyo chini ya hospitali, hupokea maboksi ya dawa yenye mchanganyiko uliopangwa tayari, takriban kila baada ya miezi miwili. Malaria ikipanda msimu wa mvua, boksi lililokadiriwa kwa siku za kawaida huisha mapema. Na kwa kuwa ada ya matibabu katika vituo vya serikali ilifutwa mwaka 2001, wagonjwa hawapungui.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe. Kila dawa ina kadi yake stoo: tarehe, zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Mwombe mjumbe wa kamati ya usimamizi ya kituo, ambaye ni mwananchi kama wewe, ailinganishe na hati ya kupokea dawa na daftari la wagonjwa. Kadi ikisema vidonge mia vimebaki na rafu ni tupu, hapo pana swali la kupeleka wilayani. Dukani nako, tazama pakiti: dawa za serikali huwa na alama, na haziuzwi.