Ndoo ya maji kabla ya mashine

Kila kundi jipya la vijana ninalolipokea hapa Chake Chake huniuliza swali lilelile: mashine ya kusaga plastiki tutaigusa lini? Huwajibu kwamba itasubiri, kwa kuwa kuiendesha ni kazi ya siku chache, ilhali kuitambua aina ya plastiki kwa jicho na kwa mkono huchukua wiki kadhaa, na hapo ndipo bei ya mzigo inapoamuliwa.

Somo la kwanza ni ndoo ya maji. Kijana hukata kipande cha chupa ya maji ya kunywa na kipande cha kifuniko chake, akavitumbukiza katika maji yaliyotiwa tone la sabuni, ili mapovu ya hewa yasikishikilie kinachotakiwa kuzama. Cha chupa huzama na cha kifuniko huelea. Chupa ni ya PET, aina ya plastiki iliyo nzito kuliko maji, yenye takriban gramu 1.38 kwa kila sentimita ya ujazo, na kifuniko ni cha polipropilini au polithini nzito (HDPE), plastiki ambazo zote, licha ya jina hilo, ni nyepesi kuliko maji. Zikiyeyushwa pamoja huharibika, kwa sababu polithini nzito huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi za Selsiasi, na PET hungoja hadi karibu nyuzi 250.

Ndoo, hata hivyo, haimfichui adui mkubwa, yaani PVC, plastiki ya aina ile ya mabomba ya maji, kwa kuwa nayo huzama. Hapa ninawafundisha kuipindua chupa na kutazama kitako: ya PET huwa na kidoto katikati, ya PVC huwa na mstari wa mshono. Katika joto la kuyeyushia PET, PVC huungua na kutoa asidi inayoila mashine na kuupa mzigo wote rangi ya manjano. Niliwahi kurudishiwa magunia yangu na mnunuzi kwa vipande vichache tu vya aina hiyo, nami nikalipa nauli ya boti mara mbili. Wapo wanaofundisha kuitambua kwa kiberiti. Sikubaliani nao, maana moshi wake ni sumu na mwanafunzi ndiye anayeuvuta.

Chupa zilizookotwa ufukweni zina somo lake. Mchanga hufanya visu vya mashine kuwa butu na chumvi huleta kutu, kwa hiyo lazima zisuuzwe kwa maji yasiyo na chumvi, ambayo visiwani si ya kumwaga ovyo. Tunayatumia tena, tukianza na chupa chafu zaidi katika maji ya zamani na kumalizia katika maji mapya. Kisha zikaushwe kabisa, kwani PET ikiyeyushwa na unyevu hupoteza nguvu.

Mtihani wa mwisho ni gunia moja ambalo kijana amelichambua mwenyewe. Ninalimwaga lote sakafuni mbele yake, na nikikuta kitako kimoja chenye mshono, analichambua upya lote.