Uthibitishaji katika mtandao wa droni: nani ametoa amri?

Uthibitishaji ni njia ya droni kuhakikisha kuwa amri iliyoipokea imetoka kwa mwenye haki ya kuitoa, na haikuchezewa njiani. Wengi huuchanganya na usimbaji fiche, ambao kazi yake ni kuficha kinachosemwa. Droni inaweza kuwa na ulinzi mmoja ikakosa wa pili.

Mwaka 2009 iliripotiwa kuwa wapiganaji nchini Iraq walinasa video za droni za Marekani aina ya Predator kwa programu ya dola 26, kwa kuwa picha zilirushwa bila kusimbwa. Waliona tu, usukani hawakuugusa. Mwaka 2013 Mmarekani Samy Kamkar alionyesha jambo zito zaidi. Mfumo wake, SkyJack, ulibebwa na droni moja ili kuteka nyingine angani. Uliwinda Parrot AR.Drone, zilizotumia waifai isiyo na nywila: ulimkatia mwenyewe mawasiliano, ukajiunga mahali pake, na droni ikatii.

Kwangu mimi hilo la pili ndilo la kuogopwa kwanza, maana droni ina uzito na panga zinazozunguka.

Tazama MAVLink, itifaki (kanuni) ya mawasiliano ya droni nyingi za chanzo huria, yaani zenye programu iliyo wazi kwa wote. Katika toleo la kwanza kila kifaa hujitambulisha kwa namba tu, na kituo cha ardhini kwa kawaida ni 255. Yeyote anayejiita 255 husikilizwa. Toleo la pili lilileta saini. Droni na kituo huwa na ufunguo mmoja wa siri wenye baiti 32. Ujumbe na ufunguo hupitishwa pamoja kwenye SHA-256, hesabu ambayo jibu lake haliwezi kurudishwa nyuma kufichua ufunguo, kisha baiti 6 za mwanzo za jibu huambatishwa kwenye ujumbe. Droni hurudia hesabu hiyo, na majibu yasipolingana, amri hutupwa. Saini hubeba pia muda, ili aliyerekodi amri halali ya kutua asiweze kuirusha tena baadaye.

Saini hii haifichi chochote, wala haifanyi kazi mpaka mtumiaji aweke ufunguo. Kundi zima likitumia ufunguo mmoja, droni moja ikiibwa zote zimo hatarini. Afadhali kila moja iwe na wake. Na ufunguo uwekwe kwa waya wa USB: ujumbe unaoubeba huupeleka ukiwa wazi, na hewani yeyote anaweza kuudaka.