Je, wajua kwa nini ni ngumu kujua mtoto "kachukua" kwa nani?

Ujiji kwetu ukikaa barazani jioni nusu saa tu utasikia hukumu zimeshatoka: huyu kichwa ngumu kachukua kwa babu yake, yule mpole kachukua kwa mama yake, yule mwingine hatujui kamchukua nani. Na Kiswahili chenyewe hakitusaidii, maana leo tunasema mwana wa nyoka ni nyoka, kesho mtu huyohuyo anasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na wote tunaitikia. Sasa ipi ni ipi, ni damu au ni malezi?

Ya damu ni rahisi kidogo. Una kromosomu 46 (nyuzi zinazobeba jeni, yaani maagizo ya kuujenga mwili), nusu kutoka kwa baba nusu kwa mama, zimekaa jozi 23. Mzazi akitengeneza yai au mbegu, kila jozi inatoa moja tu, na inayotoka ni bahati nasibu, kwaiyo mzazi mmoja peke yake anaweza kutoa michanganyiko zaidi ya milioni 8, na hapo bado hatujahesabu vipande vinavyobadilishana njiani. Ndo maana watoto wa baba mmoja mama mmoja wanagawana karibu nusu tu ya jeni zinazotofautisha watu, na mmoja anatoka mrefu mweusi mwingine mfupi maji ya kunde, wala hamna haja ya kumwangalia mama kwa jicho baya.

Ila kuwa na jeni ni jambo moja, jeni kufanya nini ni jambo lingine, na hapa wakulima wa michikichi wa Kigoma wanatuzidi sisi tunaoshinda mtaa wa Mwanga hapa mjini. Michikichi ya zamani mingi ni dura, kokwa yake ina gamba nene. Ukiichavusha na pisifera, aina isiyo na gamba, unapata tenera, ile mbegu inayosambazwa sasa hivi na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga, gamba jembamba nyama nyingi mafuta mengi. Unene wa gamba ni suala la jeni moja, ukimwaga mbolea lori zima dura inabaki dura. Lakini mchikichi utakupa mikungu mingapi kwa mwaka? Hapo inategemea na mvua, palizi, udongo, na hasa ule mche uliteseka kiasi gani ukiwa bado kitaluni.

Binadamu ndo hivyohivyo. Kundi la damu ni kama gamba, hulei mtoto akabadilika kutoka O kuwa A. Urefu, hasira, wepesi wa kuelewa, hayo ni mikungu: jeni nyingi sana kila moja inasukuma kidogo, alafu mazingira nayo yanasukuma. Chukua urefu. Kwenye nchi ambazo watoto wanashiba vizuri, karibu asilimia 80 ya tofauti ya urefu kati ya mtu na mtu inatokana na jeni. Sasa njoo Tanzania, utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 wa chini ya miaka 5 wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Wapo wazazi wanaosema ni ufupi wa ukoo. Inawezekana, lakini kama bibi alidumaa, mama akadumaa, na mtoto analishwa ugali wa muhogo mtupu kama walivyolishwa wao, basi kilichorithiwa hapo kinaweza kuwa sufuria, sio damu.

Na hapo ndo penye fundo lenyewe. Aliyekupa jeni ndo huyohuyo aliyekulea, utawatenganisha vipi?

Panda boti pale Kibirizi uende hifadhi ya Gombe, huko mtafiti Jane Goodall alianza kuwafuatilia sokwe mtu mwaka 1960 na kazi haijakatika mpaka leo. Kulikuwa na jike anaitwa Flo, mama mvumilivu, anacheza na wanawe, akiwatetea hatanii. Mwanae Figan akaja kuwa kiongozi wa kundi. Bintiye Fifi akazaa watoto 9, na wanawe Freud na Frodo nao wakaongoza. Jike mwingine, Passion, alikuwa baridi, anaondoka zake hata hasubiri kabinti kake Pom kadandie mgongoni, na Pom alipokua wakawa wanashirikiana na mama yake kunyang'anya vitoto vya wenzao na kuvila. Ukiambiwa hivyo unasema malezi hayo! Subiri kwanza. Flo aliwapa pia jeni zake, na cheo chake, na sehemu nzuri za kula. Alafu huyohuyo Flo uzeeni alishindwa kumwachisha ziwa mwanae Flint, akamdekeza mpaka basi, na Flo alipokufa 1972 Flint akiwa na miaka 8 na kitu akagoma kula, akakaa karibu na pale mama yake alipofia, wiki kama tatu na yeye akafa. Mama mmoja, matokeo tofauti kabisa.

Kutenganisha kweli inabidi ubadilishane watoto, kitu ambacho huwezi kumfanyia mtu, kwaiyo wakafanyiwa panya. Kundi la mtafiti Michael Meaney kule Montreal, Kanada, liligundua kuna panya mama wanaolamba sana watoto wao na wengine wanalamba kidogo, na watoto waliolambwa kidogo wakikua wanakuwa waoga, kitu kidogo wanashtuka. Wakachukua vitoto vya mama asiyelamba wakampa anayelamba. Vikakua vitulivu! Na mwaka 2004 wakaonyesha kwamba kwenye ubongo, jeni inayosaidia kuzima mshtuko ilikuwa na vialama vya kikemikali tofauti kulingana na nani alikulea, sio nani alikuzaa. Jeni yenyewe haijabadilika hata herufi moja, kilichobadilika ni kama swichi, inawaka sana au inawaka kidogo. Elimu ya hizo swichi ndo inaitwa epijenetiki (panya sio mtu lakini, usikimbilie kumlamba mwanao).

Kwa watu, ushahidi mzito ulitoka Romania, kwenye vituo vya yatima vilivyoachwa na utawala wa dikteta Ceaușescu, ambako watoto walilishwa na kuvalishwa ila hamna mtu wa kuwabeba wala kuwasemesha. Kuanzia mwaka 2000 watafiti walifuatilia watoto 136, nusu yao, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, wakapelekwa kwa familia za kuwalea. Waliotolewa kabla ya miaka miwili walipona vizuri kuliko waliochelewa, hadi umeme wa ubongo wao ulianza kufanana na wa watoto waliokulia nyumbani. Maana ubongo unajengwa mapema mno, miaka ya mwanzo viunganishi vya seli vinaongezeka zaidi ya milioni moja kwa sekunde, na vinavyobaki ni vile vinavyotumika: mtoto anatoa sauti, wewe unamjibu, anacheka, unacheka.

Juzi nikamsimulia haya yote bibi jirani yetu, yule aliyesema mjukuu wa mzee fulani kachukua ukorofi wa babu yake. Alisikiliza mpaka mwisho akichambua dagaa kwenye ungo. Nikamuuliza, kwani yule mtoto analala wapi siku hizi?

"Kwa babu yake," akasema. "Toka aachishwe ziwa yuko kulekule."

Alafu akaacha kuchambua, akaniangalia.