Je, Wajua kwa Nini Mahakama za Tanzania Bado Huitazama Tarehe 22 Julai 1920?

Sura ya 358 ya sheria za Tanzania huielekeza mahakama kwamba, pale ambapo sheria iliyotungwa nchini haitoshelezi, itazame kanuni za majaji wa Uingereza na sheria za jumla za nchi hiyo kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, siku ambayo amri ya mfalme wake ya kuitawala Tanganyika ilianza kutumika.

Sheria za wenyeji zilikuwapo kabla ya hapo. Huko Buhaya, nchi ya Wahaya kaskazini-magharibi mwa Tanzania, kama kwingineko, wazee waliketi kusikiliza mashauri ya ardhi ya ukoo, na sheria yenyewe ilikaa vichwani mwao, kwa hiyo iliweza kubadilika taratibu kadiri maisha yalivyobadilika. Waingereza hawakuifuta, bali waliiruhusu itumike katika mahakama za wenyeji mradi isipingane na haki kwa kipimo chao wao.

Badiliko ambalo mimi naliona kubwa zaidi lilikuja baada ya uhuru. Mwaka 1963 serikali ilitangaza mila kwa maandishi, ikitegemea kwa sehemu kubwa kazi ya Hans Cory, mtafiti wa mila aliyekuwa ameikusanya tangu enzi za ukoloni. Nia ilikuwa njema: hakimu wa mahakama ya mwanzo apate kanuni moja ya kufuata. Lakini mila iliyoandikwa ilisimama pale pale, ikiwamo kanuni kwamba mwanamke aweza kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, ila asiiuze.

Kanuni hiyo ilifikishwa mbele ya Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu mjini Mwanza, katika shauri la mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba la ukoo alilorithishwa na baba yake kwa wosia, na mpwa wake akataka mauzo yabatilishwe. Mwaka 1990 jaji aliamua kwamba ubaguzi huo unapingana na haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984, na kwamba mwanamke ana haki ya kuuza kwa masharti yale yale yanayomhusu mwanamume. Hata hivyo hakuitupa mila yote, kwa kuwa ndugu wa ukoo waliachiwa haki yao ya zamani ya kulikomboa shamba kwa kumrudishia mnunuzi fedha yake.