Yai bichi haligusi sauti yako

Jamani tuongee hili la mayai mabichi. Darasa letu la kuimba, sisi tunaoanza hapa Mtwara, jumamosi dada mmoja kaja na yai la kienyeji kwenye mfuko, akaligonga kwenye kona ya benchi akalimeza pale pale, eti linalainisha sauti, na wenzake watatu wakauliza duka la karibu liko wapi 😂

Sasa sikieni, kamba za sauti ziko kwenye njia ya hewa, sio ya chakula. Ukimeza kitu kuna kifuniko kinafunga njia ya hewa na yai linapita nyuma yake kwenda tumboni, likigusa kamba zenyewe ujue umepaliwa, utakohoa mpaka machozi. Tena yai bichi linaweza kuwa na salmonela, bakteria wa kuharisha. Asali na tangawizi zinatuliza koo, sawa, ila nazo hazifiki huko.

Hata maji hayafiki moja kwa moja, yanapitia tumboni kwanza halafu damu ndio inapeleka, kwahiyo kunywa kidogo kidogo tangu asubuhi, ule mtindo wa kufakamia chupa nzima mlangoni (mimi huyo, na joto hili la Mtwara) unakuletea mkojo tu katikati ya zoezi. Mvuke ndio unafika kwasababu unauvuta na hewa.

Kinacholainisha ni kupasha sauti kabla ya kuimba, mwalimu anatuanzisha na kutetemesha midomo brrrr kama mtoto anaigiza bodaboda, noti za chini kwanza. Na koo likiuma acha, hiyo sio sauti inakomaa.